Mchoro wa kibanda cha daladala usiobanduka: mwongozo kamili kwa mitaa ya Nyanda za Juu Kusini

Michoro mingi ya vibanda vya abiria Mbeya, Iringa na Njombe hufa kwa namna moja. Inapakwa Oktoba mwishoni, mvua zinaanza Novemba, na ikifika Februari ukuta umetoka malengelenge. Ukiparuza kwa kucha, rangi inakuja na pande zima. Lawama humwendea mchoraji, ambaye mara nyingi hana kosa. Picha yake iliwekwa juu ya ukuta uliolowa, au juu ya skimu ya jipsamu (unga mweupe wa kulainishia ukuta), au juu ya rangi kuukuu inayotoa unga.

Kwa sababu hiyo, karibu nusu ya hatua za mwongozo huu zinahusu ukuta. Ndiyo sehemu inayorukwa, na ndiyo inayoamua kama mtaa utakuwa na mchoro baada ya masika mawili.

Hesabu zote hapa ni za kibanda cha tofali kilichopigwa plasta: ukuta wa nyuma mita 4 kwa mita 2.2, na mbavu mbili za mita 1.5 kwa 2.2 kila moja. Upande wa ndani ni mita za mraba 15.4, wa nje vivyo hivyo, jumla karibu 31. Kama chenu ni cha mabomba na bati, soma yote kisha nenda kwenye kipengele cha chuma karibu na mwisho.

## Vifaa

Kwa plasta ya kawaida yenye chembechembe, lita moja ya rangi hufunika takriban mita za mraba 8 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Kopo linaweza kuandikwa 12. Hiyo ni kwa ukuta laini wa ndani ya nyumba.

- Praima ya ukuta (rangi ya kwanza ya kushikia nyingine) inayostahimili alkali ya saruji: galoni moja ya lita 4 na kopo la lita 1
- Rangi ya maji ya nje, rangi ya chini (krimu au nyeupe): galoni 2
- Rangi za picha, zote za maji na za nje: nyeupe lita 4, nyeusi, nyekundu, njano, buluu na kahawia-udongo lita 1 kila moja
- Vanishi ya maji isiyo na rangi, ya nje: lita 4
- Saruji ya kuziba nyufa (kilo 10 hadi 25 zinatosha mara nyingi) na mchanga safi
- Brashi ya waya, kikwanguo, msasa namba 80 na 120
- Rola 3, brashi za inchi 4, 2, 1 na nusu inchi, angalau mbili za kila saizi
- Selotepu ya karatasi, selotepu ya kawaida, karatasi ya nailoni, wembe
- Uzi, chaki ya rangi, futi ya mita 5, pimamaji
- Makopo yenye mifuniko zaidi ya 10, ndoo 3, matambara, jiki lita 1
- Ngazi ya mbao, koni 4 za barabarani, vizibao vya kuakisi mwanga, barakoa na miwani ya kazi

Vitu viwili viache dukani. Cha kwanza ni rangi ya mafuta kwa ukuta wa saruji. Alkali ya saruji ikikutana na mafuta pamoja na unyevu hutengeneza sabuni, na rangi huteleza ikitoka. Mtu akisema wachoraji wa Tingatinga hutumia rangi ya mafuta na inadumu, mjibu kwamba wao huchora kwenye ubao na kitambaa, na picha inakaa ndani. Cha pili ni unga wa jipsamu wa skimu. Ni mzuri sebuleni. Nje hunywa maji na kuwa uji.

## Chagua mwezi kabla ya kuchagua rangi

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na mara nyingine zinagusa Mei. Kazi ya rangi ni ya Juni hadi Oktoba mwanzoni, lakini miezi hiyo haifanani.

Juni na Julai baridi ya usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na rangi ya maji ikipakwa kwenye baridi hiyo haiungani. Hukauka ikiwa dhaifu na hutoka ikisuguliwa. Ukilazimika kufanya kazi miezi hiyo, anza baada ya saa tatu asubuhi umande ukishaondoka ukutani, na weka brashi chini saa tisa alasiri. Rangi inahitaji saa mbili tatu za joto kabla jua halijazama.

Agosti mwishoni na Septemba ndio wakati bora. Tatizo lake ni vumbi. Nyunyizieni maji ardhi ya mbele kabla ya kuanza, kidogo tu, msije mkatengeneza tope ambalo magari yatalirusha ukutani.

Kaeni na kalenda mkirudi nyuma: mnataka kupaka Septemba, basi barua ziende Juni na plasta izibwe Julai. Plasta mpya inahitaji siku 28 kukauka, na siku hizo ndizo za vikao vya mchoro.

## Hatua ya 1: Jueni kibanda ni cha nani, na kama kitabaki

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa na za wilaya ziko chini ya TARURA, iliyozichukua mwaka 2017, ingawa wakazi wengi bado huziita za halmashauri. Vibanda vya ndani ya stendi ni vya halmashauri. Vingine vilijengwa na kampuni, shule au kanisa, na mjenzi bado anajiona mwenye mali. Ulizeni kwa mtendaji wa mtaa. Asipojua, atawaelekeza kata.

Halafu swali ambalo watu husahau: je, kibanda kina miaka mingapi ya kuishi? Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kwenye barabara ya TANZAM ndani ya Mbeya, kipande cha Nsalaga hadi Ifisi kimo katika mradi wa upanuzi wa njia nne, kwa hiyo kibanda cha Uyole au Mafiati hakifanani na cha ndani ya mtaa kule Ilomba. Pateni jibu la maandishi kabla ya kununua kopo hata moja.

Barua moja fupi inatosha. Muundo unaopita bila kurudishwa ni huu:

*Kwa Mkurugenzi wa Jiji, Manispaa au Mji, K.K. (kupitia kwa) Mtendaji wa Kata, K.K. Mtendaji wa Mtaa. YAH: OMBI LA KUKARABATI NA KUCHORA KIBANDA CHA ABIRIA. Wakazi wa mtaa tunaomba ruhusa ya kukarabati na kuchora kibanda kilichopo (eneo). Tumeambatisha picha ya hali ya sasa, rasimu ya mchoro na ya orodha ya rangi, ratiba ya kazi, na majina ya wakazi watakaokitunza kwa miaka miwili.*

Nakala iende TANROADS au TARURA kulingana na barabara, na kwa afisa utamaduni. Sehemu ya utunzaji ndiyo inayolainisha mioyo ofisini, maana hofu yao ni kuachiwa ukuta mchafu. Mwenyekiti wa mtaa asaini kama shahidi, na diwani apewe taarifa kwa heshima yake kabla hajaisikia mitaani.

Mmefaulu hatua hii mkiwa na karatasi yenye muhuri. Ruhusa ya mdomo hufutika afisa akihamishwa.

## Hatua ya 2: Vipimo vinne vya ukuta

Unyevu. Kata nailoni ya sentimita 45 kwa 45, ibandike ukutani pande zote nne kwa selotepu saa kumi jioni. Fungua kesho yake saa tatu asubuhi. Matone upande unaogusa ukuta maana yake maji yanatoka ndani ya ukuta: usipake. Matone upande wa nje tu ni umande, hayana neno. Rudia sehemu tatu, mojawapo sentimita 30 kutoka chini na nyingine karibu na paa.

Unga. Pitisha kitambaa cheusi kwenye rangi ya zamani. Kikitoka cheupe, rangi hiyo imekufa juu. Chochote utakachopaka kitashika unga na kuanguka nao.

Mshiko. Kwa wembe, chora mistari sita wima na sita mlalo, ikiachana milimita 3. Bandika selotepu juu, ikandamize, ivute kwa ghafla. Vijiraba vikitoka vingi, rangi yote ya eneo hilo ikwanguliwe hadi plasta.

Jipsamu. Lowesha sehemu ndogo iliyokwanguliwa, subiri dakika 10, paruza kwa kucha. Ikilainika na kukandika, ni skimu ya jipsamu au chaki na lazima itolewe yote. Kazi hii inachosha na hakuna njia ya mkato. Praima haiigeuzi kuwa saruji.

Andikeni majibu kwenye mchoro wa ukuta, kila upande na tatizo lake. Mara nyingi ukuta wa nyuma ni mzima na ubavu unaopigwa na mvua ndio mgonjwa.

## Hatua ya 3: Ondoa maji kwenye chanzo

Unyevu wa chini huonekana kama mstari wa giza sentimita 30 hadi 60 juu ya ardhi. Kwa kawaida udongo umepanda mwaka hadi mwaka mpaka ukafunika mwisho wa plasta. Chimbeni nyuma na pembeni hadi ardhi ishuke sentimita 15 chini ya plasta, wekeni ukanda wa kokoto wa upana wa sentimita 30, na yapeni maji mwelekeo wa kuondoka. Kokoto pia huzuia matone ya mvua kurusha matope ukutani.

Unyevu wa juu unatoka paani. Kama ni bati, angalieni misumari isiyo na mpira na mashimo ya misumari iliyong'olewa. Kama ni zege bapa, mwageni ndoo ya maji asubuhi na mrudi jioni. Maji yakiwa bado yamesimama, sakafu ya paa isawazishwe kwa saruji yenye dawa ya kuzuia maji, ikielekea nyuma.

Chumvi nyeupe inayochanua juu ya plasta ni ushahidi kwamba maji yanapita. Ifagieni kwa brashi kavu. Mkiiosha inayeyuka, inarudi ndani, na itachanua tena chini ya picha yenu.

Rudieni kipimo cha nailoni baada ya wiki mbili za jua. Kikiwa kikavu, endeleeni. Kikilowa, ahirisheni, hata kama mgeni rasmi ameshaalikwa.

## Hatua ya 4: Kwangua, osha, ziba

Anzeni na kukwangua, kisha brashi ya waya. Rangi kuukuu ya mafuta inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hivyo isipigwe msasa ikiwa kavu: iloweshwe kwanza, anayekwangua avae barakoa, watoto wakae mbali, na magamba yaokotwe kwenye mfuko badala ya kufagiliwa mtaroni.

Kuvu na ukijani wa kivulini huuawa kwa jiki: sehemu moja kwa tatu za maji, iache dakika 15 hadi 20, suuza sana. Jiki isichanganywe na dawa nyingine ya kusafishia yoyote, hewa yake inaumiza mapafu. Ukuta ulale siku tatu za jua.

Ufa mwembamba usiuzibe ulivyo. Ufungue kwa ncha ya kikwanguo uwe mpana mdomoni, toa vumbi, lowesha, jaza saruji moja kwa mchanga nne. Mwagia maji asubuhi na jioni kwa siku tatu ili kiraka kisipasuke. Kisha siku 28. Hapa ndipo mafundi wengi watakwambia wiki moja inatosha. Kwa juu kiraka kitaonekana kikavu kweli. Alkali yake haijatulia, na nyekundu ya juu yake itabadilika kwanza.

Ukuta uliotayari haubaki mkononi ukiupangusa, hauna kitu kinachotingishika, na tone la maji likirushwa linanywewa polepole na sawasawa kila mahali.

## Hatua ya 5: Praima na rangi ya chini

Praima mkono mmoja, kwa brashi kwenye pembe na viraka, rola sehemu nyingine. Iache kama kopo linavyosema. Kwa hali yetu ya hewa, usiku mzima ni salama zaidi.

Kisha mikono miwili ya rangi ya chini. Mkono wa kwanza unaweza kuongezwa maji, sehemu moja kwa kumi ya rangi. Fundi anayejaza maji nusu kwa nusu anawaachia ukuta wa chokaa: gundi iliyomo kwenye rangi inakuwa chache mno kushika. Mkimlipa kwa siku badala ya kwa makopo yaliyobaki, kishawishi hicho hupungua.

Dari na sehemu ya juu ya mbavu ziacheni nyeupe au krimu, mchoro wowote mtakaochagua. Kibanda chenye dari nyeusi kinapendeza kwenye simu, lakini saa kumi na moja alfajiri mwanamke anayesubiri gari hamwoni aliyekaa kwenye kona.

## Hatua ya 6: Mchoro wa mtaa

Hii hatua ifanyike ndani ya zile siku 28. Iteni watu wanaokitumia kibanda kweli: madereva wa bajaji wanaoegesha pale, makondakta, wapiga debe, mama lishe, mzee mwenye duka la jirani, wanafunzi. Wao ndio walinzi wa mchoro kila siku. Mpiga debe aliyeulizwa maoni hufukuza mtu wa kubandika matangazo. Asiyeulizwa ndiye anayefutia mikono ukutani.

Kikao kimoja cha kukusanya mawazo, kimoja cha kuchagua kati ya michoro mitatu. Vikizidi hapo, mchoro unageuka orodha ya matakwa na kila mtu ana kona yake.

Gaweni ukuta kwa matumizi kabla ya uzuri. Sentimita 40 za chini ni za viatu na matope: ukanda wa rangi moja ya giza, kahawia-udongo ndiyo bora. Kutoka hapo hadi mita 1.3 ni migongo, vichwa na mikono yenye mafuta: wekeni nakshi zinazojirudia, kwa kuwa zikichubuka mtu yeyote anaweza kuzirudishia. Nyuso na maumbo magumu yakae juu ya mita 1.3. Sentimita 30 za juu kabisa ni za pindo na jina la kituo. Mpangilio wa khanga unasaidia hapa: pindo pande zote, mji (picha ya kati) katikati, na jina mahali pamoja panaposomeka. Herufi za sentimita 20 zinasomeka na abiria aliye ndani ya gari akiwa mita 50.

Nakshi hazihitaji kuagizwa mbali. Vikapu vya Iringa vya milulu vina mistari na pembetatu zinazohesabika, kwa hiyo hata asiyejua kuchora atazipatia kwa rula. Vyungu vya Wakisi vya Ziwa Nyasa vina wekundu wa udongo na mapambo meupe, na rangi hizo ndizo ngumu zaidi kufifia. Kwa picha ya katikati, safu ya Loleza juu ya Jiji, Rungwe na migomba yake, au maua ya Kitulo yanatosha kufanya mtu ajue yuko wapi. Kimondo cha Mbozi kinapendekezwa sana vikaoni; ni fahari ya Songwe, lakini kwa macho ni pande jeusi la chuma, na ukutani kinageuka kiazi.

Jua la mwinuko huu ni kali. Nyekundu kali na njano kali hufifia kwanza, nyingine ndani ya miaka miwili. Kahawia-udongo, njano ya udongo, nyeusi na nyeupe hudumu. Tumieni nyekundu na njano kali kwa vipande vidogo vinavyorudishika, ubavu unaotazama magharibi usipewe kabisa.

Visivyochorwa:

- Umbo linalofanana na alama za barabarani: duara lenye mzingo mwekundu, pembetatu yenye ukingo mwekundu, pembe nane nyekundu. Dereva anaamua kwa sekunde moja.
- Maneno marefu yanayotazama barabara, na rangi inayomeremeta.
- Nembo ya mfadhili kubwa. Ikizidi kiasi, kibanda kinaweza kuhesabiwa kama tangazo na kudaiwa ada. Jina dogo ndani, chini ya pindo, linatosha.
- Sura za viongozi walio hai, na sura ya mtoto bila ridhaa ya wazazi wake.
- Kijani na njano vikitawala pamoja. Nusu ya watu wataona chama, nusu wataona Yanga. Nyekundu na nyeupe peke yake ni Simba, na Jumatatu baada ya mechi mtajua.

Tengeni pia sehemu ya kubandika. Ubao wa sentimita 60 kwa 90 upande wa nje, ulioandikwa MATANGAZO HAPA, huokoa ukuta wote. Vyumba vya kupanga, mikutano ya injili na waganga watakuwepo mkitaka msitake. Kazi yenu ni kuwaonyesha pa kwenda.

## Hatua ya 7: Kuhamisha mchoro ukutani

Chora kwa uwiano wa 1 kwa 10 kwenye karatasi ya A3: ukuta wa mita 4 kwa 2.2 unakuwa sentimita 40 kwa 22. Toa ukanda wa chini na pindo la juu, unabaki na mita 1.5 za urefu. Gawa kwa miraba ya sentimita 50, yaani sentimita 5 kwenye karatasi. Inakuja miraba 8 kwa 3, jumla 24. Ipe herufi na namba, A1 hadi H3.

Ukutani, pima pimamaji kwanza. Sakafu ya kibanda na mstari wa paa mara nyingi haviko sawa, na ukifuata sakafu safu yako ya Loleza itaelekea mtaroni. Pakaza uzi unga wa chaki, uvute kati ya watu wawili, upige mara moja.

Chora mistari ya umbo kwa rangi ya kijivu iliyochanganywa maji na brashi ndogo. Usitumie mkaa. Unga wake hupanda ndani ya njano na kuifanya kijani kibovu, na haufutiki.

Rudi nyuma mita 15, ng'ambo ya barabara ikiwezekana, utazame. Makosa ya uwiano yanaonekana hapo, na kuyarekebisha sasa ni dakika tano.

Kisha andika namba ndani ya kila umbo: 1 kahawia, 2 krimu, na kuendelea. Rangi nane zinatosha. Changanya kila namba yote kwa mara moja, kwa sababu mchanganyiko wa pili haufanani na wa kwanza kamwe. Hesabu ni nyepesi: mraba mmoja ni robo ya mita ya mraba, na lita moja kwa mikono miwili hufunika miraba 16. Umbo lenye namba 4 likichukua miraba 6, unahitaji chini kidogo ya nusu lita. Changanya lita 0.75 ili ibaki ya marekebisho.

## Hatua ya 8: Siku ya kupaka

Abiria wanaendelea kusubiri gari. Fanyeni nusu ya kibanda kwa siku, nusu nyingine iwe wazi, na bango la RANGI MBICHI lenye mshale liwekwe pande zote mbili. Suti ya mtu anayekwenda kazini ikipata buluu, mnaanza kwa ugomvi.

Koni zikae mita 10 na 20 kabla ya kibanda upande yanakotokea magari. Kila anayepaka avae kizibao. Anayepanda ngazi awe mtu mzima, na mwingine aishikilie. Angalieni nyaya za umeme juu. Ndiyo sababu ngazi ni ya mbao. Watoto wapake ndani, chini ya mita 1.2, kwenye nakshi.

Watu wanane kwa zamu ya saa mbili wanatosha kibanda cha ukubwa huu. Wakizidi, wanapakana wao kwa wao. Mpe mmoja kazi ya makopo tu: anatoa rangi kidogo kwenye vikopo, anafunika, anaosha brashi. Bila mtu huyo, kufikia mchana kila namba imekuwa kahawia.

Anzeni juu kushuka, rangi nyepesi kabla ya nzito. Mkono wa pili baada ya saa nne, au kesho yake kukiwa na mawingu. Rangi ikivutika na kufanya nyuzi, jua limeupasha ukuta mno. Hamieni upande wa kivuli. Ukungu ukishuka ghafla, kama Mbeya na Njombe hufanya, acheni palepale. Rangi iliyolowa kabla haijashika huacha michirizi inayong'aa.

Mistari ya kumalizia, ile myeusi au myeupe inayotenganisha maumbo, afanye mchoraji peke yake siku ya mwisho. Inafunika mitetemo yote ya mikono ya wengine, kwa hiyo msiwahangaishe watu wajipinde kwa usafi.

## Hatua ya 9: Vanishi

Subirini siku saba. Vanishi juu ya rangi yenye maji ndani hugeuka maziwa, na weupe huo hautoki. Jaribuni kwa kitambaa kibichi: kikipita kwenye nyekundu na kutoka safi, rangi imeshika.

Pakeni ndani mikono miwili myembamba, mchana mkavu. Nje inaweza kuachwa bila vanishi kama kuna paa lenye ukingo. Rangi nzuri ya nje hupumua vizuri zaidi peke yake. Kama vanishi ya maji haipatikani, msiweke ya mbao, inageuka njano juani. Badala yake, kwa sehemu ya chini ya mita 1.3 nunueni rangi za maji zenye mng'ao wa silki tangu mwanzo, zinafutika kwa kitambaa.

Baada ya vanishi kukauka siku mbili, mwageni kikombe cha maji. Yakiteremka kwa matone bila kuacha doa la giza, kazi imekamilika.

## Kama kibanda ni cha bomba na bati

Kutu itolewe kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, vumbi lipanguswe kwa tambara lenye tina, na redi oksaidi (rangi nyekundu ya kuzuia kutu) ipakwe siku hiyohiyo, kabla umande wa usiku haujaanzisha kutu mpya. Hapa rangi ya mafuta inafaa, juu ya redi oksaidi. Msiiyeyushe kwa petroli ingawa mafundi wengi hufanya hivyo: inakauka vibaya, na kopo wazi la petroli karibu na jiko la mama lishe ni moto unaosubiri.

Bati jipya la zinki ni kesi nyingine. Rangi ya mafuta ikiwekwa moja kwa moja juu yake hujimenya mapema. Lioshwe kwa sabuni, lisuguliwe kwa msasa laini, lipewe praima ya mabati ya zinki kwanza. Bati la migongo pia halishiki picha ya sura ya mtu. Mistari mipana ya wima inayofuata migongo ndiyo inayolifaa.

## Matunzo

Wekeni akiba ya robo lita ya kila namba kwenye kopo lenye mfuniko mkavu, limeandikwa namba, tarehe na jina la kibanda, likiwa ndani ya nyumba mbali na baridi ya sakafu. Mwenye duka la jirani akikubali kuzitunza, ni bora kuliko ofisi inayofungwa saa tisa na nusu.

Kagueni mara mbili kwa mwaka: Mei mvua zikiisha, na Septemba kabla hazijaanza. Mei osheni kwa maji na sabuni kidogo, tambara laini. Septemba rudishieni palipochubuka: msasa namba 120, vumbi litoke, praima kwenye plasta iliyo wazi, rangi mikono miwili, vanishi. Kokoto za pembeni zifukuliwe, maana udongo huzifunika kila msimu.

Tangazo lililobandikwa kwa gundi ya unga liloweshwe kwa maji ya uvuguvugu dakika 20 kabla ya kulivuta. Maandishi ya mkono yafunikwe wiki hiyohiyo. Yakikaa mwezi, ya pili na ya tatu yatafuata. Na lengelenge likitokea, lipasueni mtazame nyuma yake. Likiwa na maji au chumvi, rudini hatua ya 3 kabla ya kufungua kopo. Likiwa kavu na nyuma yake kuna unga, kipande hicho kilikwepa kikwanguo.